Darubini ya mezani ya milimita 130: maoni ya fundi seremala wa Dodoma

Nianze na bei ya darubini hii, maana ndilo swali la kwanza la kila anayeingia uani kwangu usiku. Mpaka inafika kwangu Nzuguni, hapa Dodoma, pamoja na usafiri na ushuru, imekula kama milioni moja na laki mbili. Kwa hela hiyo unapata pikipiki iliyochoka lakini inatembea, na msinipigie hesabu hiyo, mama watoto alishanipigia. Nimekaa nayo masika na kiangazi sasa, na nikiulizwa kama ningeinunua tena, jibu ni ndiyo, ila na maneno mengi nyuma yake.

Ni darubini ya kioo, siyo ya lenzi. Chini ya bomba kuna kioo kilichobonyea, upana wake milimita 130. Kinakusanya mwanga, kinaurudisha juu kwenye kioo kidogo bapa, na hicho kinautoa ubavuni, ndipo unapochungulia. Fokasi yake, yaani umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana, ni milimita 650. Ukimaliza kazi unalisukuma bomba linaingia ndani, na mzigo wote, kama kilo sita hivi, unaenea chini ya kitanda. Kampuni kadhaa zinauza mtindo huu huu kwa majina tofauti, kwa hiyo jina siliandiki. Tafuteni namba hizo mbili, 130 na 650.

Msitafute namba ya ukuzaji. Maduka ya mtandaoni yamejaa vidarubini vya miguu mitatu membamba vilivyoandikwa "hukuza mara 525", na hiyo ni biashara tu. Kinachoamua uone nini ni upana wa kioo. Kanuni ya haraka ni kuzidisha milimita za kioo mara mbili, na hapo ndipo mwisho wa kukuza kwenye maana. Kwa 130 ni mara 260, na usiku mwingi hewa yenyewe haikubali hata kufika huko. Ukilazimisha zaidi unapata ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo. Mimi muda mwingi niko mara 26, kwa lenzi ya milimita 25 iliyokuja kwenye boksi, na nimeona mambo.

Sasa nije kwenye kitako, maana hapo ndipo penye kazi yangu. Mtindo huu unaitwa Dobson, kwa jina la John Dobson, aliyekuwa mtawa California. Alikuwa hana hela ya darubini, basi akachukua vioo vya madirisha ya meli akavisugua mwenyewe, bomba akatengeneza la karatasi ngumu, kitako akapiga cha mbao. Mwaka 1967 akatoka utawani, akawa anaweka darubini zake kando ya barabara za San Francisco na kuwaita wapita njia waje kuangalia mwezi bure. Kitako chake ni sanduku linalozunguka juu ya ubao, halina gia wala mota. Useremala mtupu, na seremala yeyote akiliona anaelewa limekaaje kwa kulitazama mara moja.

Cha kwangu kilikuja na mkono mmoja wa chipubodi iliyofunikwa melamini. Wazo ni zuri, mbao ndiyo mbaya. Chipubodi ni unga wa mbao na gundi. Skrubu ikifunguliwa na kufungwa mara kadhaa tundu linakuwa bovu, na umande ukiingia ukingoni inavimba. Na hii ni kitu cha kukaa nje usiku! Kingo zote nimezipaka vanishi tabaka tatu siku ile ile, kisha nikapima kila kipande na kuchora ramani yake. Kitako ninachotumia leo ni cha plaiwudi ya milimita 18 na mkono wa mninga, na vile vibati laini vya Teflon, ile plastiki telezi, vya kiwandani nimevihamishia humo. Ulaini wa mzunguko ndio kila kitu. Ukilegeza boliti sana bomba linainama lenyewe, ukikaza sana linashtuka na nyota inaruka nje ya duara unaloliona ukichungulia. Ikae katikati, uisukume kwa kidole kimoja iende, na ukiachia isirudi.

Halafu kuna suala la meza. Wanasema "ya mezani" bila kukwambia meza gani. Meza ya plastiki sahauni kabisa, ukipumua tu Mshtarii, yaani sayari ya Jupita, anacheza. Nimepiga stuli ya mninga ya miguu mitatu, urefu sentimita 60, miguu imetanuka chini. Mitatu na siyo minne, kwa sababu uwanja wangu ni wa udongo na mabonde yake, na kitu cha miguu mitatu hakiyumbi hata ukikiweka juu ya matuta ya viazi. Mwenye darubini ya namna hii amwone seremala wake kabla hajaanza kuilaumu. Ni elfu arobaini mpaka hamsini, inategemea mbao.

Kasoro nyingine ni ndogo ndogo. Sehemu ya kurekebisha fokasi ni ya kuzungusha kama skrubu, na ina ulegevu. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili kwenye nyuzi zake, imemaliza tatizo. Bomba liko wazi katikati, kwa hiyo taa ya usalama ya jirani ilikuwa inaingia moja kwa moja. Fundi cherehani wa hapa jirani amenishonea fuko la kitambaa cheusi cha bitana, linavalishwa bomba kama soksi, na sasa naona vizuri hata taa ikiwaka. Lenzi ya pili ya boksini, ya milimita 10, ni dhaifu, nikaongeza ya milimita 6 inayokuza mara 108. Vioo navyo husogea vikisafirishwa, sharti ujifunze kuvipanga. Inaogopesha mara ya kwanza, baadaye ni kazi ya dakika tano.

Vumbi watu huniuliza sana, kwa kuwa karakana iko hapo hapo. Kioo kikipata vumbi kidogo kiache, picha haibadiliki. Wanaokiharibu ni wale wanaokifuta kwa kanga. Walioko Tanga au Dar wana adui mwingine, ukungu wa unyevu, hao waiweke na vile vipakiti vya kunyonya maji.

Basi unaona nini? Mwezi kwanza, na siyo mpevu. Mwezi mpevu ni taa tu, unaumiza jicho na hauna vivuli. Njoo siku ya saba au ya nane, tazama pale mstari wa giza na nuru unapopita, kashimo kila kamoja kana ukingo wake na kivuli chake ndani, na kuna vilele vya milima vimeshika jua peke yake wakati chini yake ni kiza totoro. Watoto wa mtaa wanapanga foleni. Swali lao ni lile lile: "Babu fundi, bendera ya Wamarekani iko wapi?" Haionekani, wanangu, wala kwa darubini kubwa kuliko zote zilizoko duniani.

Mshtarii ndiye anayefanya watu warudi. Ana nukta nne pembeni, ndiyo miezi yake minne mikubwa aliyoiona Galileo, mwanafalaki wa Italia, Januari 1610: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Io humzunguka Mshtarii kwa saa 42 na kitu. Kwa hiyo ukichungulia saa mbili usiku, ukaenda kula, ukaangalia habari, ukarudi saa tano, utaikuta imehama. Kuna jirani yangu mwenye lori, mtu asiyeamini kitu asichokipima, alichora nukta zile kwenye risiti yangu ya mbao, akarudi baadaye akalinganisha. Siku hizi anapiga honi getini akiona hakuna mawingu.

Na hapo ndipo nasema kumiliki ni tofauti na kuazima jicho mara moja kwenye maonyesho. Chukulieni Zohali, ile sayari yenye pete. Machi 2025 pete zake zilitugeukia ubavu kabisa, na mwaka ule wote zilikuwa kama uzi. Aliyechungulia mara moja wakati huo ameondoka akijua Zohali ni mpira uliochomwa sindano. Zinaendelea kufunguka mwaka hadi mwaka, kwa kuwa Zohali hulizunguka jua kwa miaka 29 na nusu, na ubavu ule hautugeukii ila kama kila miaka 15. Mwenye darubini yake ataziona zikipanuka mpaka zimkinai.

Sisi wa huku tumependelewa tu, kusini kwa ikweta kidogo. Mwezi wa tano na wa sita Msalaba wa Kusini uko juu jioni, na karibu yake Alpha Centauri, ambayo kwa macho ni nyota moja na kwa darubini ni mbili, zimebanana. Juu ya hapo kuna kishada cha nyota kiitwacho Omega Centauri: kwa macho kijinyota chenye ukungu, kwa mara 108 ni nyota nyingi mno, kama chumvi iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. Watu wa Uingereza hawaipati kabisa, iko chini ya upeo wao. Kiangazi kikikolea, Julai na Agosti, makundi ya nyota ya Nge na Kausi yako karibu na utosi, anga la Dodoma ni kavu, na unaweza kusukuma bomba ovyo bila ramani ukakutana na vishada vya nyota. Novemba, watu wakisubiri mvua, Kilimia kinatoka mashariki jua likizama. Kwa mara 26 kinakaribia kujaza duara lote.

Kundi la nyota la Orion ndilo lenye mgogoro. Wingu lake la gesi, pale kwenye upanga, hupita karibu kabisa na utosi wetu, na darubini ya Dobson ikielekea utosini haizunguki vizuri, inakuwa kama unageuza mlango uliolala. Isitoshe wakati wake ni Januari na Februari, mvua zetu. Subirini saa moja hivi lipite kuelekea magharibi, mawingu yakiruhusu.

Usitegemee rangi za picha za intaneti. Wingu la Orion ni kijivu lenye ukijani kidogo, na galaksi ni moshi. Anayetaka rangi atanuna. Na mtazamo haukai: kwa mara 108 sayari inavuka duara kwa dakika mbili hivi, kwa sababu dunia inazunguka, hivyo unaisukuma, unaisukuma tena. Watoto wamelizoea jambo hili kuliko wazazi wao.

Jua ni habari nyingine, na hapa sitanii. Kulichungulia kwa darubini isiyo na kichujio ni kupofuka papo hapo. Kichujio ni cha kuvaa mbele ya bomba, siyo vile vya kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia, ambavyo hupasuka kwa joto. Naandika hivi mapema kwa ajili ya tarehe 2 Agosti 2027, jua litakapopatwa kikamilifu Misri hadi pwani ya Somalia, na sehemu yake kuonekana ikiliwa hata huku kwetu. Siku hiyo darubini yangu haitoki nje bila kichujio, na mtoto wa mtu haigusi nikiwa msalani.

Nani aiache? Anayeishi ghorofani katikati ya Kariakoo bila uwanja wala paa la kupanda. Anayetaka kupiga picha. Na asiyeweza kukaa nje dakika ishirini gizani macho yazoee, bila kufungua simu. Huyo, na yeyote mwenye laki mbili badala ya milioni, anunue darubini ya macho mawili ya 10x50. Mwezi na Kilimia ataviona vizuri, miezi ya Mshtarii nayo ataipata akiegemeza viwiko ukutani, na akichoka na nyota atatazamia mpira.