Yufoniamu ya fidia kwa bei nafuu: ipi ununue ukiwa Uganda

Kwa mpigaji wa bendi ya kanisa, ya shule au ya kambini, yufoniamu mpya (ala ya shaba ya kupuliza yenye sauti nene) ya hali ya juu kama Besson Prestige iko mbali mno na mfuko wake. Habari njema ni kwamba viwanda vya China vinaiga umbo la Besson Sovereign na Yamaha 642: valvu tatu juu, ya nne ubavuni kwa mkono wa kushoto. Baadhi ya nakala hizo zinapiga vizuri hasa.

Kwanza jiulize kama fidia, yaani mfumo wa kusahihisha noti za chini, unaihitaji. Mfumo huu ulibuniwa na David Blaikley wa Boosey, Uingereza, mwaka 1874. Ukibonyeza valvu ya nne, pumzi hurudi mara ya pili kupitia vibomba vidogo vya valvu nyingine, na noti za chini zinakaa sawa. Bila fidia, ukibonyeza zote nne sauti hupanda karibu nusu toni, na noti ya mwisho kabla ya pedali (noti ya msingi ya ala, huko chini kabisa) huipati. Kama kazi yako ni nyimbo za ibada na harusi, huko chini hushuki. Chukua Yamaha 321 iliyotumika, isiyo na fidia, utapiga kwa raha miaka mingi.

Kwa anayeihitaji, chaguo langu la kwanza ni JP274 ya kampuni ya John Packer. Ya pili ni Wessex Dolce, na tofauti yao ni ndogo: aliye na nafasi ya kuzijaribu aamue kwa masikio yake. JP374 Sterling ni bora zaidi, ila bei yake inaanza kutoka nje ya unafuu.

Nafasi ya tatu ni Yamaha 642 au Sovereign iliyotumika. Sauti yake ni ya kifahari, lakini valvu zikiwa zimelika, kupata fundi wa kuzirekebisha si rahisi. Vuta slaidi (bomba la kuchomoa) ya kila valvu bila kuibonyeza valvu yenyewe: ikitoa mlio wa "pop" inapochomoka, valvu bado inashika hewa. Ikitoka kimya, achana nayo.

Za mwisho ni zile zisizo na jina, zinazouzwa mtandaoni kwa picha. Moja inaweza kutoka nzuri na pacha wake akawa na valvu zinazokwama, na kuirudisha China hakuna atakayekulipia.

Jaribu kwa tyuna ya simu mchana, ala ikiwa imepata joto. Joto hupandisha sauti, kwa hiyo slaidi kuu lazima iwe na nafasi ya kuvutwa zaidi. Uliza pia ukubwa wa shina la kipulizio, sehemu inayoingia kwenye ala: nyingi za fidia zinataka shina kubwa, na kile cha 321 hakitakaa.

Ukiagiza nje, ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla ya kulinganisha bei.