Kipima kelele cha darasani: kabla hujalipa, piga chafya

Nililipia programu ya kupima kelele kwa mwaka mzima, tena pesa yangu ya mfukoni, si ya shule. Siku ya kwanza mtoto mmoja akapiga chafya. Moja tu. Mshale ukaruka hadi kwenye nyekundu, king'ora kikalia, maikrofoni ikakisikia king'ora chake yenyewe, basi kikaendelea kulia. Darasa lilivunjika mbavu. Kipindi kikaishia hapo.

Kwa hiyo sitakuchosha na rangi wala picha. Swali langu ni moja, na wauzaji hawaligusi kabisa: programu inavumilia kwa muda gani kabla ya kuamua kwamba darasa lina kelele? Kelele za kazi ya vikundi hupanda polepole. Kundi hili likipaza sauti, la jirani nalo linapaza ili lisikilizane, na baada ya muda wote wanapiga makelele bila hata kukusudia. Daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza tabia hiyo mwaka 1911, na ndiyo tunayotaka kuiwahi. Kiti kilichoburutwa au rula iliyodondoka si kosa la darasa zima.

Namba moja kwangu ni Too Noisy, na sifichi kwamba naipendelea. Ina vidhibiti viwili: cha unyeti wa maikrofoni na cha kutuliza mshale. Hicho cha pili ndicho kilichoniteka. Ukikiongeza, mshale unaacha kushtuka kwa kila kishindo. Unapanda kelele ikidumu. Kikatuni kilicho kwenye skrini kinaanza kununa taratibu, na watoto wanapata nafasi ya kujirudi wenyewe bila mwalimu kufungua mdomo.

Ya pili ni Classroomscreen, hasa kama tayari unatumia projekta kuonyesha saa na maelekezo ya kazi, kwa sababu kipimo kinakaa pembeni ya hivyo vyote.

Bouncy Balls ni ya bure na inafunguka kwenye kivinjari. Ila mipira ya kwenye skrini inaruka zaidi kelele ikizidi. Sasa mtoto gani atanyamaza ili mipira ilale?

Ukitaka desibeli za kuaminika, NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inatoa programu ya bure ya iPhone. Itumie kukagua chumba kikiwa kitupu. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za chinichini zinazosikika darasani zisizidi desibeli 35. Hizi programu nyingine zikikuandikia desibeli, chukulia ni pambo tu.

Jaribio langu ni hili: piga chafya, dondosha kitabu, kisha washa redio ya maongezi kwa dakika moja. Ikikemea kitabu na kuiachia redio, ifute.

Na ifute kabla ya siku za kuijaribu bure kuisha, maana hapo ndipo wauzaji wanapokukamata. Wanataka kadi ya benki hata kabla hujaiona programu, halafu wanakutoza kila mwaka kwa kitu kinachosikiliza maikrofoni uliyoinunua mwenyewe! Kitufe cha kujitoa nilikitafuta wakati wanafunzi wangu wakifanya zoezi la kusoma kimya. Walimaliza kabla yangu.