Poda ya mankozebu kwenye maharagi yangu: misimu miwili, Bagira, mjini Bukavu (Kongo)

Mara ya kwanza niliinunua mankozebu, dawa ya kuzuia magonjwa ya kuvu kwenye mimea, nikiwa nimeshachelewa, na hilo siwezi kuilaumu poda. Ilikuwa katikati ya Novemba. Maharagi yangu ya kupanda mitini yalikuwa yamenifika kifuani, mvua ya Bukavu inanyesha kila alasiri kama ina deni, na asubuhi moja nikapitisha kidole chini ya jani, kikatoka chekundu kama nimeshika tofali. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, “Hiyo ni kutu ya majani, mwanangu. Ilianza zamani, wewe ulikuwa unatazama juu tu.”

Nikakimbilia sokoni Kadutu. Nilikuta mama mmoja amepanga dawa za mimea kando ya sabuni na viberiti, nyingi zikiwa zimefungwa fundo katika plastiki ndogo, bila karatasi wala tarehe. Nikauliza hii ni ya ugonjwa gani. “Ya yote, mama. Weka kijiko kwenye ndoo, utaona.” Faranga 1,000. Kijiko gani, ndoo ya lita ngapi, sikuuliza. Nikarudi nyumbani nikakoroga, nikachovya fagio la majani na kunyunyiza kama padri anavyobariki watu. Upande wa juu wa majani ulilowa vizuri sana. Kutu yenyewe inakaa chini.

Majani yaliendelea kukauka na kudondoka. Nilivuna kilo 9 mahali ambapo kwa kawaida natoa zaidi ya 20. Nikaapa kwamba poda hiyo ni unga wa muhogo.

Ni agronomu mmoja, rafiki ya mume wangu, aliyenitoa katika hasira hiyo. Alinieleza kwamba mankozebu haiponyi. Inakaa juu ya jani kama mafuta juu ya ngozi, mbegu ya kuvu (na kutu ni kuvu) ikitua hapo inashindwa kuota. Kuvu ikishaingia ndani ya jani, poda haina njia ya kuifuata. Jani jipya likichipuka leo linatoka uchi, halina kinga yoyote, na mvua kubwa inaosha hata ile uliyopaka jana. Dawa yenyewe ni ya zamani, inauzwa tangu 1962, na jina ambalo wengi wanalijua ni Dithane M-45. Yangu ya msimu wa pili ilikuwa ya kampuni nyingine, ya rangi ya manjano.

Huo msimu wa pili, ule wa Machi, ndio ninaoweza kuutolea ushuhuda. Nilinunua pakiti ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, yenye karatasi ya maelezo. Kipimo kilikuwa gramu 2 kwa lita. Gramu 2 utazipimia wapi jikoni? Nilikwenda kwa jirani anayenunua dhahabu, nikamwomba mzani wake mdogo. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini alinipimia: kijiko changu cha supu kikisawazishwa kwa kisu ni gramu 6, kikijazwa mlima ni karibu 11. Kumbe “weka kijiko” inaweza kuwa nusu ya dawa au mara mbili yake, kutegemea mkono wa mtu. Kwa pompi ya lita 15 niliyokodi, vijiko 5 vya kusawazisha vilitosha.

Nilianza wakati mimea ina majani matatu au manne tu, hakuna doa hata moja, na majirani wakaniuliza ninatibu nini. Nikarudia kila baada ya siku 7 hadi 10, asubuhi umande ukishakauka, mdomo wa pompi ukielekezwa juu kutoka chini. Hiyo ndiyo kazi inayochosha mgongo, na ndiyo yenye faida. Jumla nilipiga mara tano.

Lakini poda haikufanya kazi peke yake, nisije nikaipa sifa zote. Vijiti vya msimu uliopita nilivichoma kuni, kwa sababu vumbi la kutu hubaki juu yake likingojea mmea mpya. Mabaki ya mashina niliyatoa shambani. Nafasi kati ya mashimo niliiongeza ili upepo upite na majani yakauke mapema. Na mbegu nilichambua moja moja usiku, nikitupa kila yenye doa. Kutu haisafiri ndani ya mbegu, inakuja na upepo. Ila chule, ile inayochimba mashimo meusi kwenye maganda, na madoa pembe, yale mabaka ya kijivu yanayokatwa na mishipa ya jani kama viwanja vidogo, yote mawili yanaweza kupandwa pamoja na mbegu.

Matokeo: kutu ilionekana mwezi wa Mei kwenye majani ya chini, ikabaki huko. Nilivuna kilo 23.

Sasa kasoro, na ya kwanza inanikera kweli. Huku tunakula majani ya maharagi. Ukipiga dawa kila wiki, mboga hiyo umejinyima, na ukiwa na watoto wanaotumwa kuchuma ni lazima uwakemee kila siku. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoiruhusu tena mankozebu, mojawapo ya sababu ikiwa madhara yake kwa uzazi. Binti yangu alikuwa na mimba msimu ule. Sikumruhusu kugusa pompi wala kufua nguo nilizovaa shambani. Mimi mwenyewe nilifunga kitambaa mdomoni na kuvaa glavu za kuoshea vyombo, ingawa jua la saa tano ndani ya glavu ni adhabu. Mstari mmoja karibu na jikoni niliuacha bila dawa kabisa, kwa ajili ya mboga.

Na mstari huo ndio umenivuruga. Mbegu yake nililetewa na shemeji, akasema imetoka upande wa Mulungu, kule kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA wanakochunguza maharagi. Haukuonja poda hata tone. Ulipata madoa machache, ukabeba karibu sawa na mingine, na majani yake tuliyala.

Kasoro ya pili ni ukubwa wa pakiti. Misimu yote miwili, bustani yangu ingetumia chini ya gramu 500, na poda hii ikishafunguliwa unyevunyevu unaiua. Sikupata ndogo yenye karatasi dukani popote, na ndiyo sababu wengi wetu tunaishia kwenye mafundo ya sokoni. Sisi wanawake watatu wa mtaa tumechangia moja. Iko kwangu, juu ya kabati, ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko kinachobana, karatasi yake imebandikwa ubavuni. Anayetaka anakuja na ndoo yake, tunapimia hapahapa kwa kile kijiko cha supu, ambacho hakijarudi jikoni tena.

Nyota tatu kati ya tano. Mwezi wa Septemba nitaipiga kwenye nusu ya shamba tu. Nusu nyingine nimeshamwagiza shemeji mbegu.