Maji ya chupa au maji ya bomba yaliyochemshwa: yapi yana kiasi kidogo zaidi cha metali nzito?

Mjadala huu hurudi mara kwa mara Mwanza, kwa kuwa maji ya bomba huvutwa Ziwa Victoria, sehemu kama Capri Point, na wachimbaji wadogo wa Geita bado hukamatia dhahabu kwa zebaki.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi, zebaki wala aseniki. Maji yanapopungua kwa mvuke, metali zilizomo huzidi ukali kidogo. Risasi yenyewe mara nyingi haitoki ziwani bali kwenye mabomba ya zamani, maungio na koki za shaba, ndiyo maana inafaa kuyaacha maji yaliyolala usiku kucha yatiririke kwanza. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 10 za risasi kwa lita.

Maji ya chupa hushinda pale kiwanda kinapoyachuja kwa utando mwembamba, ambao hupunguza metali nyingi. Hata hivyo, chupa za plastiki zinazoanikwa juani, kama tunavyoziona stendi ya Nyegezi, huachia polepole antimoni, metali iliyomo kwenye plastiki yenyewe. Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, haielezi zilivyotunzwa barabarani.

Kwa gharama, bomba halina mpinzani, hata ukihesabu mkaa.

Mwenye mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, katika nyumba yenye mabomba ya zamani, ana sababu nzuri ya kununua maji ya chupa yaliyokaa kivulini. Familia kubwa yenye mabomba mapya ya plastiki haina haraka hiyo.