Kadi ya Richmond: nililipia MCG, nikafaidi Punt Road

Watu wa nyumbani wakisikia nina kadi ya uanachama wa klabu ya mpira huku Melbourne, swali la kwanza ni nani anacheza namba tisa. Hakuna namba tisa. Huu ni mpira wa Australia, mpira wenye umbo la yai. Wenyewe wanauita futi, na usifikirie futi ya fundi seremala. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia Ngamiani. Marehemu baba alikuwa Coastal Union wa damu, na kwetu mwaka 1988 tulipobeba ubingwa bado unatajwa kama watu wanavyotaja mwaka wa harusi yao.

Kadi ya Richmond nilianza kuinunua msimu wa 2016. Aliyeniambukiza ni mama mmoja wa Kigiriki niliyekuwa nikiosha naye masufuria jikoni hospitalini, zamu ya usiku. Aliniambia klabu yake haijachukua ubingwa tangu 1980, na alisema kwa sauti ya mtu anayekueleza hali ya mgonjwa. Nikasema huyu ni ndugu yangu. Mwaka uliofuata wakachukua, 2017, wakaifunga Adelaide kwa tofauti ya pointi 48. Mama alilia karibu na sinki hadi msimamizi akaja kuuliza kama amejikata.

Sasa tuje kwenye kadi yenyewe, maana kuna vijana wawili watatu wa kwetu wameniuliza kama inafaa hela. Inakuingiza kwenye mechi za nyumbani pale MCG, unapewa na skafu ya njano na nyeusi. MCG ni uwanja wa watu laki moja, na siku ukijaa unajiona uko ndani ya tumbo la nyangumi. Lakini nitasema kweli: viti vya bei yetu viko juu kabisa, na ukiwa huko wachezaji ni sisimizi. Mara mbili tiketi iligoma kufunguka kwenye simu nikiwa mlangoni, mvua inanipiga. Chai ya kibanda nilichozoea kununua ni maji ya moto yaliyopitiwa na jani. Kama kadi ingekuwa ni hayo tu, ningekuambia baki nyumbani utazame kwenye televisheni.

Kilichonifanya nilipe kila mwaka kiko upande wa pili wa bustani. Ukitoka MCG unakatiza Yarra Park, dakika chache kwa miguu, unafika Punt Road, uwanja wa zamani wa klabu. Miaka ile kulikuwa na jukwaa kuukuu lenye jina la Jack Dyer, uzio mfupi wa kuegemea, na treni zikipita nyuma. Hapo ndipo walipocheza wasio na namba.

Hesabu yake ni hii. Klabu inakuwa na wachezaji zaidi ya 40. Siku ya mechi wanaoingia uwanjani ni 18, na benchi, miaka hiyo, lilikuwa la wanne. Karibu nusu ya kikosi inabaki bila kazi. Sisi tungesema wanasugua benchi, lakini hawa hata benchi lenyewe hawalioni. Wanashuka kucheza VFL, miaka hiyo ligi ya jimbo la Victoria, dhidi ya timu za akiba za klabu nyingine na klabu kongwe za mitaa kama Williamstown na Port Melbourne.

Zamani vijana wa akiba wa Richmond walikuwa wakipelekwa Coburg, klabu nyingine yenye mambo yake. Kuanzia 2014 Richmond wakawa na timu yao wenyewe ya VFL. Ukisikia haraka unaona ni jambo la makaratasi. Kwa mchezaji ni kama tofauti ya kulelewa kwenu na kulelewa kwa shangazi: jezi ni ileile, mfumo ni uleule, na mwalimu wa timu kubwa akikuita Alhamisi hakuna unachohitaji kufundishwa upya. Nimeyaona kwa macho yangu. Mbio za kumkaba mwenye mpira nilizoziona Punt Road saa sita mchana ndizo zilezile nilizoziona MCG jioni, sura tu zimebadilika.

Na ukaribu! Robo ikiisha, mashabiki wanaruhusiwa kuingia uwanjani. Watoto wanapiga mipira yao, watu wazima tunasogea hadi nyuma ya wachezaji waliomzunguka mwalimu, tunasikia anavyofoka. Mara ya kwanza nilisimama mbali, nikisubiri mlinzi anifukuze. Hakuna aliyenifukuza. Hebu jaribu kufanya hivyo kwa Simba au Yanga, uone utakavyotolewa mbio.

Hapo uzioni nilimwona Jacob Townsend mwaka 2017. Alitoka GWS, klabu ya magharibi ya Sydney, mwishoni mwa 2015, na sehemu kubwa ya msimu huo alikuwa wa kwetu sisi wa Punt Road. Mwaka huohuo alichukua J.J. Liston, tuzo ya mchezaji bora wa VFL. Unaweza kuona ni heshima, unaweza pia kuona ni tusi, maana ni kama kuambiwa wewe ni bora kuliko wote waliokosa. Zimebaki mechi mbili msimu wa kawaida uishe, wakampandisha. Akafunga magoli 6 dhidi ya Fremantle, kisha 5 dhidi ya St Kilda. Hawakumshusha tena, na siku ya fainali alikuwa ndani. Wenzake waliobaki chini walipoteza fainali yao ya VFL kwa Port Melbourne kwa pointi 4, wiki moja kabla.

Halafu ikaja 2019. Fainali ya VFL ilichezwa Jumapili, tarehe 22 Septemba, Princes Park kule Carlton. Nilikwenda na thermosi yangu, baada ya funzo la ile chai. Richmond waliwashinda Williamstown kwa pointi 3, na mchezaji bora wa siku alikuwa Marlion Pickett, aliyekuwa amechukuliwa katikati ya msimu huohuo kutoka South Fremantle. Alikuwa na miaka 27 na hajawahi kucheza hata mechi moja ya AFL, ligi kuu yenyewe. Timu kubwa ilikuwa imempoteza Jack Graham, bega liliteguka kwenye nusu fainali. Wiki ilipoisha, Pickett akapangwa kwenye fainali kuu. Mtu kuanza maisha yake ya ligi kuu siku ya fainali ilikuwa haijatokea tangu 1952.

Nilitazama nyumbani Footscray, tiketi ya fainali ni bahati nasibu hata kwa mwenye kadi. Mapema tu Pickett akapokea mpira katikati ya uwanja, akageuka duara kumkwepa mtu asiyemwona, kama vile ana macho kisogoni. Nikawaambia waliokuwa sebuleni, "Huyu wiki iliyopita nilikuwa naye hatua tano!" Hawakunijali. Alipofunga goli, wenzake wote walimkimbilia. Richmond wakashinda kwa pointi 89. Siku ile hela yangu ya kadi ilirudi yote na chenji juu.

Haya, hapa ndipo penye uchungu, na ndipo ninapowakatia nyota moja. Wenye bidhaa hii hawawezi kukuhakikishia kwamba uliyempenda utamkuta mwakani.

Kwetu mchezaji akikosa namba anapelekwa kwa mkopo. Anakwenda timu ya mkoani, anacheza, anarudi amekomaa au harudi kabisa. AFL hawana mkopo. Ama uko kwetu ama umeondoka. Juu ya hapo kuna kiwango cha juu cha mishahara kilicho sawa kwa klabu zote 18, na vijana wapya wanagawiwa kwa foleni ambayo aliyeshika mkia huchagua kwanza. Kwa hiyo bingwa anabanwa pande mbili: vijana anaowapata ni makombo ya foleni, na wale aliowakuza kwenye akiba wanatamaniwa na kila jirani. Ikifika Oktoba, dirisha likifunguliwa, jirani anakuja na kauli moja tu: kwetu utacheza. Utamjibu nini?

Dan Butler alikuwa bingwa wa 2017, akapoteza namba, 2019 fainali ikampita. Mwisho wa mwaka akaenda St Kilda na mara moja akang'ara. Hilo sikuwalaumu, kijana alihitaji hewa. Donda langu mimi ni Mabior Chol. Mrefu, mwenye asili ya Sudan Kusini, mikono kama ya mchuma nazi asiyehitaji ngazi. Misimu sita Richmond, mechi 31. Kila Jumamosi aliyocheza Punt Road nilipiga kelele zangu za Kiswahili, "Ruka baba, ruka!", na nadhani alishazizoea ingawa hazielewi. Oktoba 2021 akaondoka kwenda Gold Coast. Mwezi huohuo Callum Coleman-Jones, mrefu mwingine wa kusubiri, akaenda North Melbourne. Unalea warefu wawili kwa miaka, wanakwisha katika wiki mbili. Msimu wake wa kwanza kule, 2022, Chol alifunga magoli 44.

Utasema ningemweka wapi, mbele walikuwa Jack Riewoldt na Tom Lynch. Najua. Lakini Riewoldt alikuwa anazeeka mbele ya macho yetu sote, na mtu wa kumrithi tulikuwa naye nyumbani, amefundishwa jezi ileile na mfumo uleule. Kumweka mtu miaka sita unamwonjesha tu, halafu anaondoka wakati unaanza kumhitaji, ni kufuga ng'ombe na kumuuza siku anayoanza kukamuliwa.

Si Richmond peke yao. Aliir Aliir, aliyezaliwa kambini Kakuma, Kenya, alikuwa Sydney na namba yake ilikuwa ya kuja na kwenda. Mwaka 2016 aliumia goti kwenye nusu fainali, akaikosa fainali. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide, na 2021 akaingia kikosi bora cha Australia nzima. Oleg Markov, mtoto wa mruka kwa upondo aliyekuwa bingwa wa dunia, aliondoka Punt Road kwenda Gold Coast, wakamtema. Collingwood wakamwokota mapema 2023, chini ya Craig McRae, yuleyule aliyekuwa mwalimu wa akiba yetu tulipobeba kombe la VFL 2019. Mwaka huohuo Markov akavaa medali ya ubingwa. Kwa hiyo chuo chetu kinafundisha vizuri, wahitimu wanaajiriwa kwa jirani.

Wapo waliovumilia wakalipwa hapohapo. Kamdyn McIntosh alicheza fainali ya 2017, akaikosa ya 2019, akarudi kuicheza ya 2020. Jack Graham naye bega lilimnyima ya 2019, ya 2020 akaipata. Mwaka huo wa korona VFL ilifutwa kabisa, Punt Road pakawa kimya, na fainali ikachezwa usiku kule Brisbane. Kadi yangu ililala droo msimu mzima. Sikudai chochote.

Siku hizi mambo yamegeuka. Msimu wa 2024 tulimaliza mkiani, Graham naye akaenda West Coast, na namba zinagawiwa kama karanga kwa watoto wa miaka 18. Yule mama wa Kigiriki amestaafu, ananipigia kila Ijumaa kikosi kikitangazwa, tunasomeana majina tusiyoyajua. Napenda ujana wao, lakini ile kiu ya mtu anayecheza Punt Road huku akisikia kelele za MCG ng'ambo ya bustani siioni kwao bado. Hawajawahi kunyimwa.

Basi nyota nne. Ukinunua, nunua kadi ndogo ya bei rahisi, usihangaike na kiti cha chini. Angalia ratiba ya VFL kabla ya ile kubwa. Nenda na koti hata kama asubuhi kuna jua, Melbourne haiaminiki. Chai ubebe yako. Simama karibu na uzio, na ukimwona mrefu mmoja anakosa mpira wa wazi usimzomee. Mwakani unaweza kumkuta amevaa jezi nyingine, anatufunga sisi. Chol sasa yuko Hawthorn, na tukikutana nao bado napiga kelele zilezile, jirani zangu wa skafu ya njano wananiangalia vibaya.