Nilibadilisha mkanda nikaiacha tensiona: yaliyonipata na Premio yangu

Kama gari lako linalia asubuhi unapoliwasha, na fundi amekwambia "ni mkanda tu, elfu mbili tunamaliza," naomba usome haya kabla hujaitoa hiyo elfu mbili. Tensiona ninayoitaja hapo juu ni kifaa kinachoukaza mkanda wa injini usilegee.

Gari langu ni Toyota Premio ya 2004, injini ya 1ZZ-FE ya cc 1800. Mwezi Machi mwaka jana, mvua za masika zilipoanza, lilikuwa limetembea kilomita 186,000, na ndipo lilipoanza kulia. Nikiliwasha saa kumi na moja na nusu alfajiri pale Kahawa West, Nairobi, linatoa mlio mwembamba, mkali, kwa sekunde kumi hivi, halafu linanyamaza. Nikiwasha AC mlio unarudi. Nikikata usukani hadi mwisho ili nitoke kwenye maegesho, unarudi tena. Mchana jua likiwaka, kimya kabisa, na kwa sababu ya kimya hicho cha mchana niliuvumilia mwezi mzima.

Nikapeleka gari kwenye gereji iliyo karibu na nyumbani. Kijana aliyenihudumia alifungua boneti, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia na kukisugua kwenye mkanda huku injini ikinguruma. Mlio ukakatika papo hapo. Akasema hiyo ni dalili kwamba mkanda umezeeka. Nilimwamini. Aliniwekea mpya, wenye jina ambalo sijawahi kuliona popote, kwa shilingi 1,800 pamoja na ufundi. Dakika ishirini kazi ikaisha. Wiki tatu sikusikia kitu.

Ijumaa moja ya Mei nilikuwa natoka kazini Industrial Area, nikifuata Outer Ring kurudi nyumbani, mwanangu wa miaka tisa akiwa kiti cha nyuma. Mvua ilikuwa ya kumwagika. Karibu na Allsops nilipita kwenye dimbwi ambalo sikuweza kulikwepa, nikasikia kitu kikichapa ndani ya boneti, mara mbili, tatu, kisha taa nyekundu ya betri ikawaka. Kabla sijajua la kufanya, usukani ukawa mzito. Sisemi mzito kidogo. Nilishika kwa mikono yote miwili na kuvuta kwa mabega ndipo gari likakubali kukata kuingia kituo cha mafuta, na matatu nyuma yangu inapiga honi mfululizo. Nilipotazama dashibodi, sindano ya joto ilikuwa imeshapita katikati na bado inapanda. Nikazima injini. Mwanangu akaniuliza, "Mama, gari limekufa?" Nikamwambia hapana, lakini moyoni sikuwa na hakika.

Chini ya mwanga wa pampu za mafuta niliinua boneti. Mkanda wa wiki tatu ulikuwa umetoka kwenye puli zake, yale magurudumu unayoyazungukia, na mbavu zake mbili za pembeni, ile mistari iliyoinuka upande wa ndani, zimechanika na kuning'inia kama ukili uliofumuka kwenye mkeka.

Yafaa nieleze kwa nini vitu vitatu viliharibika kwa mpigo, maana usiku ule mimi mwenyewe sikuelewa. Mkanda huu, ambao mafundi wengi bado wanauita fenibelti ingawa feni ya gari hili huendeshwa na umeme, ni mmoja tu na unazungusha kila kitu: alteneta inayochaji betri, pampu ya usukani, kompresa ya AC, na pampu ya maji inayopoza injini. Ukitoka, vyote vinasimama kwa pamoja. Taa ya betri inaweza kukuacha utembee kidogo hadi betri iishiwe, lakini pampu ya maji haina subira. Ukiendelea kuendesha unapika injini, na gasketi ya silinda hedi ikiungua, bei ya mkanda utaiona kama nauli ya bodaboda. Jambo jingine: mkanda huu sio ule wa taiming, unaokaa ndani ya injini na kuendesha vali zake. Injini yangu ina cheni ndani, si mkanda wa taiming. Corolla 110 yenye injini ya 5A ina vyote viwili, wa nje na wa ndani, kwa hiyo mwenye gari hilo aulize vizuri ni upi unaobadilishwa.

Jumamosi asubuhi gari la kuvuta lilinitoza 4,500 hadi Grogan, eneo la spea na mafundi wa magari mjini. Shemeji yangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja anayefanya kazi kando ya Kirinyaga Road, na huyu ndiye ninayetaka kumsifu hapa, ingawa jina lake sitaliandika kwa sababu sikumwomba ruhusa.

Mzee hakuugusa mkanda kwanza. Alishika puli ya tensiona kwa vidole viwili akaizungusha. Ilizunguka, ikazunguka, haikutaka kusimama, na ilitoa sauti kama ya mtama unaosagwa kwenye jiwe. Akaniambia, "Mama, sikia. Beringi nzima yenye grisi inazunguka kidogo tu inasimama, na haina sauti. Hii imekauka." Halafu akanionyesha mwili wa tensiona yenyewe. Ya 1ZZ ni ya haidroliki, ina kisukumio chenye mafuta ndani yake kama shokamzoba ndogo, kazi yake ni kutuliza mkono wa tensiona usirukeruke. Cha kwangu kilikuwa kimelowa mafuta na vumbi limegandamana juu yake kama ugali ulioungulia sufuriani. Mafuta yameshavuja, kwa hiyo mkono ulikuwa unachezacheza kila injini inapobadilisha mwendo, na mkanda mpya ukawa unateleza, unapata joto, unahama pembeni, hadi dimbwi la Allsops likaumalizia.

Mkanda wa kwanza, ule nilioutupa, pengine haukuwa na kosa kubwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mlio wa asubuhi ulikuwa unatoka kwa tensiona dhaifu, na sabuni iliuficha tu. Mzee alikunja uso nilipomtajia sabuni. Alisema inaufanya mkanda uteleze kimyakimya, na ikishakauka inashika vumbi, basi unabaki na mkanda mchafu kwenye puli chafu.

Badala ya sabuni, baada ya kazi alinifundisha jaribio hili la kufanya mwenyewe nyumbani: chukua chupa ya maji, nyunyiza kidogo upande wa mbavu za mkanda injini ikiwa inanguruma taratibu. Mlio ukizidi, mkanda haujakazwa ipasavyo, tazama tensiona. Mlio ukikatika kisha ukarudi baada ya muda mfupi, kuna puli iliyokaa upande. Mikono, kanga, leso na nywele viwe mbali kabisa, maana mkanda ule hauchagui cha kukamata.

Spea tulinunua pamoja, tukitembea kwa miguu, yeye ameushika mkanda uliochanika ili kulinganisha. Hapa usikubali kuchukuliwa haraka. Duka la kwanza walinitolea mkanda uliofanana kabisa kwa macho, lakini mzee aliusoma mgongoni akaurudisha. Nambari ile ina maana: ukiona 6PK1200, kwa mfano, ni mbavu sita na urefu wa milimita 1,200. Wa dukani ulikuwa na mbavu pungufu. Ungezunguka, ndiyo, lakini kazi ya mbavu zote ingebebwa na mbavu chache. Mwishowe nilichukua Bando ya Japani kwa 3,200. Tensiona niliwekewa mezani mbili: ya mtumba kutoka Japani kwa 3,000, na mpya kwa 8,500. Mzee hakunishinikiza. Aliniuliza tu, "Hiyo ya mtumba ilitolewa kwenye gari lililotembea kilomita ngapi?" Muuzaji hakuwa na jibu. Nikanunua mpya.

Kazi yenyewe nimeikalia kitako nikaitazama mwanzo hadi mwisho, kwenye kibao alichonipa. Kutoa mkanda ni rahisi: spana ya 19 kwenye tensiona, unaisukuma polepole kwa sababu ya yale mafuta ya ndani, ukiharakisha unaiharibu. Shida ni kuitoa tensiona. Boliti yake ndefu haina pa kutokea, inagonga bodi. Mzee aliweka jeki chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, juu ya jeki akaweka kipande cha mbao, akafungua mautingi ya kulia, yaani kishikio kinachoifunga injini kwenye bodi, na kuinua injini kidogo kidogo, akichungulia kila mara. Injini ilipanda kama vidole vitatu, boliti ikateleza nje. Nadhani hapo ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa na kumwambia mteja kwamba mkanda peke yake unatosha.

Injini ikiwa imeinuliwa, aliona kitu kingine. Tensiona ya cheni ya taiming, ambayo ni tofauti na hii, ilikuwa inatoka jasho la oili, na oili hiyo ilikuwa inashuka kuelekea kwenye mkanda. Ni ugonjwa unaojulikana wa 1ZZ. Dawa yake ni ringi ndogo ya mpira ya shilingi 200. Aliibadilisha, akasafisha puli zote kwa brashi na petroli kidogo, akazifuta zikakauka, ndipo akavisha mkanda mpya. Kabla ya kuwasha alipitisha kidole kwenye kila puli kuhakikisha kila ubavu umekaa kwenye mfereji wake. Nikasema moyoni, huyu anafanya kama gari ni lake.

Alipowasha, alipima betri kwa mita: volti 14.2. Kisha AC, taa kubwa, usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Kimya.

Jumla ilikuwa mkanda 3,200, tensiona 8,500, ringi 200, ufundi 3,000. Shilingi 14,900, zote kwa M-Pesa. Ukijumlisha gari la kuvuta na ule mkanda wa kwanza uliopotea bure, nimetumia 21,200 kwa tatizo ambalo lingeisha kwa 14,900 mwezi wa Aprili.

Malalamiko yangu kwa mzee ni mawili. Aliniahidi saa moja na nusu, kazi ikachukua saa nne, na hakunieleza mapema kwamba injini italazimika kuinuliwa. Na kile kifuniko cha plastiki cha chini alikirudisha na vishikizo viwili pungufu. Niligundua siku ya tatu kilipoanza kupigapiga kwenye matuta ya Kamiti Road. Nilirudi, akaviweka bila malipo na akaomba radhi.

Sasa imepita miezi kumi na minne na kilomita 19,000. Huwa nafungua boneti kila mwisho wa mwezi, namulika tochi ya simu kwenye mkono wa tensiona huku AC imewashwa. Umetulia. Mkanda nao nautazama, lakini si nyufa tu ninazotafuta. Mikanda ya siku hizi, ya mpira wa EPDM, inaweza kuisha bila kupasuka hata kidogo. Inalika kama soli ya kiatu, mifereji kati ya mbavu inakuwa mipana, hadi mkanda unaanza kugusa chini ya puli badala ya kushika pembeni. Kwa hiyo usiridhike mtu akikwambia "hauna nyufa, bado ni mzima."

Wenye Fielder au Probox ya injini ya 1NZ, kwenu ni nafuu kidogo: gari lenu halina tensiona ya aina hii, mkanda hukazwa kwa kusogeza alteneta. Ila mwambie fundi asiukaze kupita kiasi, beringi za alteneta na pampu ya maji ndizo zitakazoumia.

Ule mkanda uliochanika bado ninao, kwenye mfuko nyuma ya buti. Jumamosi iliyopita jirani yangu wa mlango wa pili alinisimamisha, gari lake linalia asubuhi, na tayari ameshaambiwa bei ya mkanda. Niliutoa nikampa aushike, kisha nikampa nambari ya mzee.