Kwa nini alichoma karatasi? Vijitabu vya uchambuzi wa fasihi kwenye mizani

Mwanafunzi wa kidato cha nne akianza kujiandaa kwa swali la tamthiliya, mara nyingi kitu cha kwanza anachonunua si tamthiliya yenyewe. Hununua kijitabu cha uchambuzi: kurasa chache kwa kila kitabu kilichomo kwenye orodha, maudhui kwanza, fani baadaye. Vipo vilivyopigwa chapa vinavyouzwa kwenye maduka ya vitabu, vipo vitini vya kutoa kopi vinavyobanwa pini steshenari, na zipo PDF zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Hapa tunavipima kwa jambo moja tu: je, mwanafunzi akimaliza kusoma ataweza kueleza kwa nini mhusika alitenda alichotenda?

Kwa kipimo hicho vingi vinaanguka, na vinaanguka mahali palepale. Fungua sehemu ya wahusika. Utakuta jina kwa herufi kubwa, kisha mistari mitano: ni mhusika mkuu, ni kijana msomi, ni karani wa sensa, si mwajibikaji, hafai kuigwa na jamii. Kila mstari unaweza kuwa sahihi. Lakini hakuna hata mmoja wenye neno "kwa sababu". Hizo ni sifa, na sifa ni jina tunalompa mhusika baada ya kumwona akitenda. Kinachomsukuma kutenda ni kitu kingine.

Chukua *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, tamthiliya ya Edwin Semzaba iliyokaa kwenye orodha ya shule za Tanzania kwa miaka mingi. Ngoswe ametumwa kijijini kuhesabu watu. Anampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, ambaye ni balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa ngazi ya chini pale kijijini. Mapenzi hayo yanamfanya azembee kazi na yanamkasirisha Mitomingi, na mwisho wake Mitomingi anazichoma karatasi za sensa. Muulize mwanafunzi aliyesoma kijitabu tu kwa nini karatasi zilichomwa, atajibu: kwa sababu Mitomingi alikuwa na hasira. Jibu hilo halijafika popote. Hasira inaeleza moto, haielezi karatasi. Mzazi mwenye hasira angeweza kumpiga Ngoswe, kumfukuza au kumshitaki. Kwa nini achome karatasi? Swali hilo ndilo linalomrudisha mwanafunzi kitabuni, aone kwamba karatasi ndizo zilizomleta Ngoswe kijijini, ndizo atakazoulizwa na waliomtuma, na ndizo pekee za Ngoswe zilizo karibu na mkono wa baba aliyevunjiwa heshima nyumbani kwake. Hapo mwanafunzi anagundua la pili, zito zaidi: Mitomingi ni balozi, mtu wa kuilinda kazi ile ya serikali, na kwa dakika ile ubaba ukaushinda ubalozi. Sasa ana hoja ya kuandika.

Kosa kubwa zaidi la vijitabu hivi ni kuchanganya nia ya mhusika na dhamira ya mwandishi. Linaonekana vizuri kwenye *Takadini*, riwaya ya Ben Hanson. Sekai, aliyekaa miaka mingi bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii ambayo mila yake haimruhusu mtoto huyo kuishi. Anatoroka naye. Vijitabu huandika kwamba Sekai alitoroka ili kupinga mila potofu. Sivyo. Kupinga mila potofu ni dhamira tunayoipata sisi wasomaji kutokana na tendo lake. Sekai mwenyewe anataka mtoto wake awe hai kesho asubuhi. Mwanafunzi asiyetenganisha mambo haya mawili humgeuza kila mhusika kuwa msemaji wa semina, na insha zake zote zinafanana, awe anaandika juu ya Sekai au juu ya mwingine yeyote. Vilevile wazee wa kijiji huandikiwa neno moja, "wakatili", na mjadala unaishia hapo. Muulize mwanafunzi wanaogopa nini, wanaamini litawapata lipi mtoto akiachwa. Kuelewa hofu yao si kuwatetea, na mwalimu aliseme hilo waziwazi darasani, kwa kuwa wanafunzi wengi hudhani kueleza sababu ni kusamehe. Mazoea ya "anafaa kuigwa, hafai kuigwa" yamechangia sana dhana hiyo. Hukumu iwepo, lakini ije mwisho.

Hata hivyo, vijitabu hivi havikosi faida. Muhtasari wa kisa, ukiwa sahihi, humsaidia aliyekwisha soma kukumbuka mfuatano wa matukio. Na sehemu ya migogoro ni dhahabu isiyochimbwa: mgogoro wowote ni watu wawili wanaotaka vitu visivyoweza kukaa pamoja, au mtu mmoja anayevutwa huku na huku. Kwa hiyo soma migogoro kabla ya wahusika, kinyume cha mpangilio wa kijitabu. Kijitabu kikisema "mgogoro kati ya Ngoswe na Mitomingi" kisha kikakaa kimya, mwanafunzi aandike pembeni kwa penseli: huyu anataka nini, yule anataka nini.

Kwa kipindi cha dakika 80, kijitabu cha namna hii kinaweza kufanyiwa kazi hivi. Chagua tendo moja tu la mhusika, si mhusika mzima; hili ndilo linalokosewa zaidi, maana "mjadili Ngoswe" huzaa orodha, lakini "kwa nini Mitomingi alichoma" huzaa hoja. Dakika 15 za mwanzo wanafunzi wasome kwa sauti ukurasa wa tendo hilo na kurasa mbili tatu zilizotangulia, kutoka tamthiliya yenyewe. Kisha kila kundi la watu wanne lichore safu nne kwenye daftari: anataka nini, nini kinamzuia, atapoteza nini asipotenda, na wakati ule anajua nini. Safu ya nne isiachwe. Bila hiyo wanafunzi husoma kinyumenyume: wanajua mwisho wa kisa, basi humpa mhusika akili ya aliyekwisha kuuona mwisho huo. Kila kisanduku kiwe na ushahidi wenye namba ya ukurasa: kauli yake, tendo lake, au kauli ya mwingine juu yake. Kauli ya mwingine ipimwe mara mbili, kwa kuwa adui wa mhusika naye ana lake analolitaka. Dakika 30 zinatosha kwa safu hizo. Zinazobaki ni za kuandika aya moja na kuisoma mbele ya darasa.

Aya nzuri inaanzia kwenye tendo, inataja alichokitaka mhusika, inaleta ushahidi, ndipo inafika kwenye dhamira. Kwa mfano: "Mitomingi anazichoma karatasi za sensa, si kwa kuichukia sensa, bali kwa kutaka kumwadhibu Ngoswe kupitia kitu ambacho Ngoswe atadaiwa. Anasahau kwamba kitu hicho ni cha serikali na yeye ni balozi wake. Hivyo mwandishi anaonyesha jinsi uzembe wa mtu mmoja kazini unavyowafikisha wengine nao kwenye uzembe." Mtihani wa taifa mara nyingi hutaka hoja tatu kutoka kila kitabu kati ya viwili. Aya sita za namna hii zinabeba uzito ambao sifa ishirini haziwezi kuubeba.

Ukitaka kununua, usimame dukani dakika tano. Nenda moja kwa moja kwa mhusika ambaye si mkuu, kama Mitomingi, maana wahusika wakuu huandikwa kwa uangalifu zaidi. Tafuta "kwa sababu", "ili", "kwa kuwa". Usipoyaona kwenye ukurasa mzima, rudisha. Angalia kama kuna namba za kurasa, na zilinganishe na toleo ulilonalo. Angalia tahajia ya majina: kijitabu kinachokosea jina la mhusika kimenakiliwa kutoka kijitabu kingine, hakikutoka kitabuni.

Vilivyopigwa chapa vinavumilika kwa muhtasari na migogoro. Vitini vya steshenari vinategemea nani alivichapa. Vikitoka kwa mwalimu anayefundisha kitabu hicho, mara nyingi vinapita vile vya dukani. PDF za kwenye makundi tunashauri ziachwe: hazina jina la mwandishi, zimekatwa katikati, na makosa yaleyale yanahama kutoka faili moja hadi jingine. Shule yenye fedha kidogo ya kugawa inunue kwanza nakala za tamthiliya na riwaya, walau moja kwa wanafunzi wanne, ili lile zoezi la safu liwezekane. Kijitabu kimoja kikae mezani kwa mwalimu.